Kahawa Isiyotiwa Sukari, na Vinavyoliwa Nayo

Nyumba nyingi za watu wetu hapa Maskati zina kahawa mbili. Iko ile tuliyokuja nayo, nyeusi, iliyokaangwa mpaka buni ikatoa mafuta, yenye tangawizi, ambayo Unguja huuzwa barazani kwa dele na kikombe hujazwa. Na iko ile tuliyoikuta, ya rangi ya shaba, na nyumba nyingine huwa ya njano hasa, yenye hiliki na pengine zafarani, ambayo hutiwa theluthi ya kikombe tu, na mwenye kumimina husimama mbele yako akingoja. Zote mbili hazina sukari. Wenye kukiandaa kitabu hiki waliponitaka niandike juu ya vyakula vyetu, nilijua wenzangu watashika pilau na biriani, na wataandika vizuri kuliko mimi. Basi nimechagua kinywaji hiki kikavu na vitu vinavyowekwa kando yake, kwa sababu naona jambo hili linatutoka mikononi na hapana anayelilia.

Kikavu nimesema kwa makusudi. Watu husema kahawa ni chungu wakaishia hapo, na hali uchungu ni jambo moja tu katika mambo yake. Kahawa ina uchachu, ambao husikika pembeni mwa ulimi, khasa ikiwa buni haikukaangwa sana. Ina uchungu wenyewe, ambao huja nyuma, karibu na koo, na huzidi kila buni inapozidi kuwa nyeusi. Tena ina ukakasi, yaani ule ukavu unaobaki mdomoni baada ya kumeza, kama mtu aliyekula zambarau ambazo hazijaiva sawasawa. Ukakasi huo ndio unaokufanya utake kitu kitamu, na utamu ukishakujaa mdomoni ndio unaokufanya ukitake kikombe tena. Chai ya maziwa, au karaki kama inavyoitwa hapa, haina tabia hiyo. Ile imejitosheleza: ina sukari yake, ina mafuta yake, na mtu aweza kuinywa peke yake ndani ya gari akiwa njiani kwenda kazini. Kahawa yetu haikukusudiwa iwe peke yake.

Neno lenyewe lina kisa. Kwa Waarabu wa zamani, kahwa lilikuwa moja katika majina ya mvinyo, kabla kinywaji hiki cha buni hakijajulikana. Ibn Mandhur, aliyekusanya kamusi kubwa ya Lisan al-Arab mwishoni mwa karne ya 13, anaeleza kwamba mvinyo uliitwa hivyo kwa kuwa humwondolea mnywaji hamu ya chakula. Masufi wa Yemen walipozoea, katika karne ya 15, kunywa maji ya buni ili waweze kukesha katika dhikri, jina likahamia huko. Lawama nazo hazikuchelewa. Mwaka 1511 pale Makka, Khair Bey, aliyekuwa na amri ya kusimamia masoko na maadili ya mji, aliwakusanya wanazuoni, kahawa ikaharimishwa, na buni zikachomwa moto hadharani. Marufuku yale hayakudumu, kwani wakubwa wa Misri wenyewe walikuwa wanywaji. Mwalimu wetu wa chuoni alipotupa habari ya jina hili tulikuwa watoto, tukacheka tukaona ametufungulia siri kubwa. Siku hizi nacheka kwa sababu nyingine: kinywaji kimepewa jina la kuondoa hamu ya kula, nasi ubishi wetu wote juu yake ni nini kiwe sahanini.

Tende na kahawa zimesafiri pamoja muda mrefu. Meli ya Sultana, ambayo Sayyid Said bin Sultan aliipeleka New York mwaka 1840 pamoja na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ilipakia Maskati mifuko 1,300 ya tende na marobota 100 ya kahawa ya Mokha, kisha ikapita Unguja ikaongeza karafuu, pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nilipokuwa nikiwasomesha watoto habari ya safari ile, nilikuwa nikiwaambia kwamba ndani ya tumbo la meli moja mlikuwa na sinia nzima ya mgeni, ila halua tu iliyokosekana.

Sisi tulipofika huku hatukuwa wageni wa kahawa, bali tulikuwa wageni wa dasturi zake. Shangazi yangu alifika mwaka 1975, akenda kumzuru jirani, mwanamke wa hapa hapa, na hakujua kwamba aliyetosheka hukitikisa kikombe kidogo anapokirudisha. Yeye alikuwa akikirudisha kwa adabu zote, akisema ahsante mwanangu, na binti wa nyumba, kwa adabu zake na yeye, akimimina tena. Alikunywa vikombe 11. Usiku ule hakulala, alikesha akitusimulia habari za Wete mpaka ikaadhiniwa alfajiri, na wengi katika ukoo wetu kama wanazijua habari hizo hata leo ni kwa sababu ya usiku ule mmoja.

Mimi nilifika mwaka 1977. Mwaka 1981 nikaolewa na mtu wa upande wa Nizwa, kwa watu ambao Kiswahili hakikuwahi kuingia nyumbani mwao, na huko ndiko nilikojua kwamba kahawa ni sehemu ya kumpima mtu. Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mkali wa maneno, lakini alikuwa akitazama. Nilimpikia kahawa ya kwetu, kwa makusudi kabisa, nyeusi na tangawizi yake, nikamwekea kashata za nazi. Akaonja. Akakiweka kikombe chini polepole akasema, "Binti yangu, hii ni dawa nzuri ya mafua. Sasa kahawa iko wapi?" Wanawake wote mle ndani wakacheka, nami nikacheka kwa midomo tu. Kisha akamega kashata, akaitafuna, na mkono wake ukarudi kwenye kikombe bila ya mtu kumwambia. Akanywa chote. Hakusema neno, ila tangu siku ile, nikienda kwao, alikuwa akiniuliza kama nimekuja na kashata, na nikisema ndiyo, huniambia basi nipike ya kwangu. Zikiwa hazipo, hupika yeye ya kwake na tende. Mama yule hakusoma skuli hata siku moja, na jambo hili alilijua kuliko watu wenye vyeti: kwamba huchagui kahawa kwanza, watazama sahani kwanza.

Ya kwake alikuwa akiikaanga mwenyewe, buni kidogo kidogo, juu ya moto wa pole, akikoroga bila kusita mpaka rangi ikawa kama ya kijiti cha mdalasini. Hapo huitoa motoni upesi akaimwaga juu ya mkeka ipoe, maana buni huendelea kujipika kwa joto lake yenyewe ikiachwa kwenye chuma. Katika nchi hii kila bonde lina kipimo chake cha kukaanga, na hata katika kijiji kimoja utakuta nyumba inayoipenda nyepesi imepakana na inayoipenda nyeusi. Huko bara ya Saudia, upande wa Najd, huikaanga kidogo mno hata kinywaji kikatoka njano, karibu na rangi ya majani makavu. Ile, kwa ladha yangu, uchachu umezidi, na hiliki imeachiwa kazi yote. Basi akiisha kupoa huitwanga kwenye kinu cha shaba, si laini, iwe kama chenga za mchele. Vijiko vinne vikubwa kwa lita moja ya maji. Huchemka kwa moto mdogo dakika 10 hata 15, kisha hutuliwa mpaka machicha yakakaa chini, na maji yake huhamishiwa taratibu kwenye dele nyingine ambayo hiliki iliyopondwa inasubiri ndani. Hiliki haichemshwi na kahawa. Ukiichemsha harufu yake yote huenda kwa jirani, nawe ukabaki na uchungu wa maganda.

Siku hizi dele imekuwa pambo la kabatini, na kahawa hukaa kwenye themosi. Sina ugomvi na themosi. Ila isikae humo zaidi ya saa tatu, kwani huanza kuchacha, na watu huulaumu mkono wa mpishi.

Baada ya miaka mingi ya kupika kahawa mbili katika jiko moja, nimekuwa na ya tatu, mchanganyiko, na hii ndiyo wanayoniuliza wakwe na wajukuu. Fungu mbili ni buni za Uhabeshi, za Harar nikizipata, zilizokaangwa rangi ile ya mdalasini. Fungu moja ni buni za Bukoba zilizokaangwa mpaka zikawa nyeusi. Kila moja hukaangwa peke yake, wala usijaribu kuzikaanga pamoja, kwa kuwa moja itaungua mwenzake angali mbichi. Hizi za Harar ni arabika, nyepesi, zina uchachu na harufu kama ya matunda yaliyokauka. Za Bukoba ni robusta, zina uzito mdomoni, zina uchungu wa udongo, na zina kafeini karibu mara mbili ya wenzao. Wengi huidharau robusta wakasema ni kahawa ya kiwandani. Wanasahau kwamba Wahaya walikuwa nayo zamani kabla ya Mzungu kufika, na hawakuwa wakiinywa bali wakiichemsha na majani yenye harufu, wakaikausha na maganda yake, na mgeni akija hupewa atafune. Basi hata huko, mbali kabisa na dele na vikombe, buni ilikuwa ni heshima ya mgeni. Peke yake ni nzito, nakubali. Fungu moja ndani ya tatu hushika chini kama miguu ya kiti, na hizo nyepesi zikakaa juu.

Ukinywa mchanganyiko huo, kwanza husikia hiliki, halafu uchachu mdogo unaopita, halafu uchungu, na mwisho ukavu unaokaa muda. Tangawizi sitii, ila katika baridi ya Januari, au ikiwa sahani ina nazi. Hiliki yenyewe, kwa wanaopenda kujua, nyingi inayouzwa katika masoko haya siku hizi hutoka Guatemala, nchi ambayo watu wake wenyewe hawaitumii sana na hulima kwa ajili ya Waarabu. Ya milima ya Usambara nikiletewa na mtu hufurahi, nayo huiweka kwa wageni wa Sikukuu.

Sasa nije kwenye sahani.

Halua ndiyo mwenzake mkubwa, na ndiyo yenye kukosewa zaidi. Halua ya Oman na ya kwetu Unguja na Pemba ni ndugu: sukari, wanga, samli, maji, hiliki, zafarani, marashi, na lozi au korosho, vikorogwe katika sufuria kubwa la shaba saa mbili na zaidi bila ya mkono kusita. Marashi mazuri ya hapa hutoka Jabal Akhdar, ambako mawaridi huchumwa majira ya kuchipua na kutoneshwa juu ya majiko ya udongo, na yale ya kienyeji huwa na harufu ya moshi kwa mbali. Haya, mtu anayo halua yenye zafarani, hiliki na marashi, kisha kwenye kahawa anatia zafarani, hiliki na marashi. Huo ni uharibifu. Mdomo hausikii tena kipi ni kipi, ni kama watu watatu wanaosema neno moja kwa wakati mmoja. Kilichomo ndani ya halua kitoe ndani ya kahawa. Kwa halua mimi hupika ile nyeusi, au mchanganyiko wangu nikageuza mafungu, mawili ya Bukoba na moja ya Harar, bila ya kiungo chochote. Samli ya halua hufunika ulimi mzima, na kahawa nyepesi itateleza juu yake isisikike. Nyeusi huikata. Na iliwe kidogo, tonge ya ncha za vidole vitatu, vidole visuuzwe kwenye bakuli la maji, ndipo kikombe. Nimewaona vijana wakila halua kwa kijiko cha supu, nikageuza uso.

Tende zina elimu yake, na mtu wa Pwani akija huku hudhani tende ni tende. Naghal huwahi mwanzo wa joto, kabla ya wenzake, na watu huishangilia kwa kuwahi kwake kuliko kwa utamu wake. Khunaizi ni nyekundu, na ikiwa rutabu, nusu imeiva na nusu ingali ngumu, ina ukakasi wa kwake yenyewe. Hiyo usiipe kahawa nyeusi, kwa kuwa ukavu juu ya ukavu hukereketa. Ipe nyepesi kabisa, na hiliki kidogo. Khalas, ya rangi ya asali, laini, ndiyo wanayoisifu wengi, na ni kweli inastahiki: utamu wake ni kama wa sukari iliyoanza kuungua, na kahawa ya mama mkwe ya rangi ya mdalasini ilizaliwa kwa ajili yake. Fardh ni nyeusi, imekaza, hudumu mwaka mzima bila kuharibika, na ndiyo iliyokuwa ikisafirishwa kutoka Maskati mpaka Marekani zamani. Wenye pesa huidharau. Mimi naitetea. Fardh si tamu sana, unaweza kula tano bila kukinai, na inasimama sawa na kahawa ya tangawizi, jambo ambalo Khalas haliwezi. Mabsali huchemshwa ingali ngumu, kisha huanikwa juani mpaka ikakauka kama peremende, na nyingi huenda Bara Hindi. Kwa kahawa si chaguo langu, ingawa wazee wa Bidiya watanilaumu. Tende yoyote ukiichovya katika rojo la ufuta huwa na mafuta, basi ifuate kanuni ya halua.

Kashata za nazi hutaka tangawizi. Sijui kulieleza zaidi ya kusema kwamba nazi ina utamu wa mafuta unaolala, na tangawizi huuamsha. Za njugu ni tafauti, zina uchungu mdogo wa ganda lililoungua, nazo hukubaliana na kahawa yoyote nyeusi. Visheti na kaimati ni watoto wa halua kwa sababu ya shira na mafuta. Kaimati zimo Oman tangu zamani kwa jina la lukaimati, na sioni maana ya kugombana nani alimfundisha nani. Vileja ni vikavu vyenyewe, basi kahawa iwe nyepesi, na kama vimetiwa hiliki, kahawa isitiwe. Mkate wa kumimina, ukiwa umepoa, wa asubuhi, na kahawa iliyobaki ya kwanza, ni chakula ambacho singebadilishana na cha sultani.

Sambusa, kababu, mishikaki, na kila kilicho na pilipili, vipeni chai au maji. Pilipili na uchungu wa kahawa huungana vikawa moto mtupu. Machungwa nayo, ambayo hapa huletwa katika sinia ya matunda kabla ya kahawa, yaliwe mwanzo kabisa na ipite nafasi, kwa sababu uchachu wa chungwa huifanya kahawa iwe kama maji ya jivu. Ndizi haina neno.

Nimekuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Dada yangu, aliyenifuata kwa kuzaliwa, alipatikana na ugonjwa wa sukari mwaka 1998. Ugonjwa huu umeenea sana katika nchi za Ghuba na sina haja ya kuwaeleza wasomaji, maana hapana nyumba katika kitabu hiki isiyoujua. Daktari alimpa karatasi ya vya kula na vya kuacha, na vya kuacha vilikuwa karibu kila kitu kinacholetwa mbele ya mgeni: juisi, soda, karaki, keki. Kahawa ilibaki. Dada alikuwa akenda harusini, khitmani, matangani, akikaa na wenzake, akinywa vikombe vyake vitatu, na kama amejipimia siku hiyo alikuwa akila tende moja, huku akiikata katikati na nusu ya pili akaila na kikombe cha tatu. Hakuwa mgonjwa katika macho ya watu. Alikuwa mtu aliyekuja kunywa kahawa.

Halafu ikaingia dasturi ya kuitia sukari. Sijui ilianza wapi. Walianza wachache, wakasema watoto hawainywi chungu, kisha wapishi wa kukodi wakaifuata kwa kuwa kahawa tamu huficha buni mbaya. Siku moja katika harusi ya jamaa zetu dada alipokea kikombe, akanywa nusu, akakitazama. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi nimesikia. Nikamwambia ndiyo. Akakitikisa akakirudisha, na muda wote uliobaki alikaa mikono mitupu katikati ya watu wanaokunywa. Baada ya hapo akawa anabeba themosi yake ndogo kwenye mkoba, kama mtu anayekwenda hospitali, na mara nyingine akawa haendi. Alifariki mwaka 2014.

Kahawa kavu huacha sukari yote nje, sahanini, mahali ambapo kila mtu anaiona na kujipimia. Mzee atachukua nusu ya tende, mtoto atachukua kashata mbili, mwenye kufunga sunna atakapofuturu atachukua tatu, na wote hao dele yao ni moja. Ukiimwaga sukari ndani ya dele umewapimia wote kipimo chako wewe, na asiyeweza kukifuata umemtoa barazani. Mwaka 2015 UNESCO iliiandika kahawa ya Kiarabu katika orodha yake ya turathi, kwa maombi ya Oman, Imarati, Saudia na Katari, na nilifurahi kama wengine nilipoisikia habari hiyo. Lakini orodha haikaangi buni, na harusi ile ya juzi, yenye picha ya dele kubwa ya dhahabu mlangoni, kahawa yake ilikuwa na sukari.

Kwangu haitiwi. Anayetaka sukari aombe, nami nitamsogezea halua.

Mjukuu wangu anayesoma Uingereza ameniandikia kwamba huko buni za Harar anazipata kwa bei, robusta anaipata kwa urahisi, hiliki anaipata kwa Wahindi, lakini tende ni zile kubwa ziitwazo Medjool na nyembamba ziitwazo Deglet Noor, na kashata hakuna. Nimemjibu hivi, na huenda ikawafaa wengine walio huko. Medjool ni nzito na ina unyevu mwingi, ni kama halua ndogo iliyovaa ngozi. Ikate mbili, itoe kokwa, na iandamane na mchanganyiko uliozidi weusi. Moja yatosha vikombe vitatu. Deglet Noor ni kavu zaidi na utamu wake ni wa wastani, inakaribia Fardh kwa tabia ingawa si kwa ladha. Hiyo ichukue na kahawa ya tangawizi, tatu kwa kikombe. Na kashata apike mwenyewe: nazi iliyokunwa na kukaushwa huuzwa kila duka kule, ailoweke kwanza kwa maji ya vuguvugu nusu saa, aikamue, ndipo aitie kwenye shira.